Namna ya kuondoa chunjua za mikono na nyayo: mwongozo kamili wa wiki 12

Mwezi haupiti bila mtu kuja dukani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, akaweka kiganja juu ya kaunta na kuniambia, "Dada, ile dawa yako ni maji tu." Nikimuuliza ameipakaje, karibu kila mara nakutana na mojawapo ya mambo manne. Alipaka juu ya ngozi ngumu bila kuisugua. Aliacha siku ya kumi. Alinunua dawa nyingine kabisa. Au aliacha kwa sababu ya udhu, na hili watu wengi wanaona haya kulisema.

Nimeandika hatua zote hapa, pamoja na sababu zake, kwa ajili ya chunjua za mikono, vidole, magoti na nyayo. Wengine mnaziita masundosundo. Za usoni na za sehemu za siri hazitibiwi kwa njia hii, na nitaeleza kwa nini.

## Mahitaji

Kusanya vyote kabla hujaanza. Ukianza na nusu ya vitu, wiki ya pili utakuwa umeshachoka.

- Dawa ya maji ya chunjua yenye asidi ya salisiliki asilimia 15 hadi 20. Nyingi zimeandikwa asilimia 17. Kwa unyayo wenye ngozi nene ipo pia plasta ya asilimia 40.
- Karatasi moja ya msasa laini kutoka duka la vifaa vya ujenzi, iliyokatwa vipande vidogo vya upana wa kidole.
- Beseni dogo na maji ya moto ambayo mkono unayavumilia.
- Mafuta ya mgando.
- Vijiti vya kuchokolea meno.
- Plasta ya kitambaa.
- Taulo lako peke yako.
- Simu yenye kamera, sarafu moja, na kalenda ya ukutani.

Soma lebo ya dawa kabla hujalipa. Watu wengi hupewa mafuta ya Whitfield wakidhani ndiyo yenyewe, kwa kuwa nayo yana asidi ya salisiliki. Yanayo, lakini ni asilimia 3 tu, pamoja na asidi ya benzoiki asilimia 6. Hiyo ni dawa ya fangasi. Ukiipaka mwaka mzima, chunjua itakutazama tu.

Usinunue "dawa ya chunjua" iliyotiwa kwenye chupa isiyo na lebo. Huwezi kujua nguvu yake, na ngozi ikiungua hutakuwa na la kumwambia daktari.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni chunjua kweli

Chunjua ni ngozi iliyokua kupita kiasi kwa sababu ya virusi vya HPV. Aina za virusi hivyo zinapita 100, na kila kundi lina mahali pake. Zinazoota vidoleni siyo zile zinazoleta saratani ya mlango wa kizazi, kwa hiyo usilale na hofu hiyo.

Kaa penye mwanga mzuri uangalie mambo matatu.

Kwanza, mistari ya ngozi. Kidole kina mistari yake, ile inayosomwa na mashine ya alama za vidole unaposajili laini ya simu. Kwenye chunjua mistari hukatika, ikazunguka pembeni. Kwenye sugu inapita juu kama kawaida.

Pili, vitone vyeusi. Watu huviita mbegu au mizizi, lakini ni vijishipa vya damu vilivyoganda ndani ya chunjua. Chunjua haina mizizi. Inakaa kwenye tabaka la juu la ngozi, ndiyo maana hakuna haja ya kuichimba.

Tatu, kwa unyayo, jaribu kuibana. Ukiibana kutoka pembeni kwa vidole viwili na ikauma zaidi kuliko ukiibonyeza juu, huenda ni chunjua. Sugu huuma ukiikanyaga.

Kipele laini kinachong'aa, chenye kishimo katikati, hasa kwa watoto, mara nyingi ni ugonjwa mwingine wa virusi na hautaki asidi hii.

Usiendelee nyumbani ukiona haya: doa jeusi au la kahawia linalotanuka kwenye unyayo au chini ya kucha, kidonda kisichopona, uvimbe unaotoa damu wenyewe, au kitu kilichoota haraka kwa mtu mzima aliyepita umri wa kati. Kwa watu weusi, saratani ya ngozi aina ya melanoma hupenda nyayo kuliko sehemu nyingine, na wapo walioipaka dawa ya chunjua miezi mingi kabla hawajafika hospitali. Mwenye ualbino asijitibu uvimbe wowote mahali panapopigwa na jua. Apelekwe akaangaliwe.

## Hatua ya 2: Jiulize kama dawa hii inakufaa

Kama una kisukari, au miguu yako imekufa ganzi, au damu haiendi vizuri miguuni, usitumie. Hutasikia inapochoma, na kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari ni safari nyingine kabisa.

Usitumie kama aspirini inakudhuru, maana dawa hizi ni ndugu. Mjamzito na anayenyonyesha waulize kwanza kliniki. Mtoto wa chini ya miaka 2 asipakwe kabisa.

Usipake usoni, kwenye kope, kwenye midomo wala sehemu za siri. Vinyama vya sehemu za siri vina dawa zake hospitalini. Isitoshe, kaswende nayo huleta vinyama vinavyofanana sana navyo, kwa hiyo kujitibu kunaweza kukuficha ugonjwa ambao sindano ya penisilini ingeumaliza.

Na kama chunjua zimeota nyingi ghafla na zinasambaa, pima VVU. Kinga ikishuka, virusi hivi hupata nafasi. Kipimo ni bure katika vituo vya serikali, na majibu hutoka siku hiyohiyo.

## Hatua ya 3: Piga picha, kisha loweka

Weka sarafu kando ya chunjua upige picha. Fanya hivyo kila Ijumaa au siku yoyote utakayoikumbuka. Macho yako yataizoea chunjua na utaapa kwamba haijabadilika. Picha yenye sarafu itakuonyesha ukweli.

Kisha loweka dakika 5 hadi 10 kwenye maji ya moto. Maji hulainisha ngozi ngumu ya juu ili dawa ipate njia. Kausha vizuri kwa taulo lako. Hapa kwetu, kwa joto na unyevu huu wa pwani, usikimbilie kupaka huku kiganja kinatoka jasho. Kaa penye upepo kwanza.

Utajua umeloweka vya kutosha juu ya chunjua kukiwa kweupe na kulaini kama ngozi ya mkono wa mtu aliyefua nguo asubuhi nzima.

## Hatua ya 4: Sugua kwa msasa

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, na ukiniuliza mimi, hii ndiyo tiba yenyewe. Dawa ni ya kukusaidia kusugua.

Mwaka jana alinijia mama mmoja anayepara samaki pale Deep Sea, soko letu la samaki. Alikuwa na chunjua tano, mbili zikiwa gumbani, na chupa yake ya dawa ilikuwa imebaki robo. Nilimwomba akae kwenye benchi, nikaloweka kidole chake kwenye kikombe, nikachukua kipande cha msasa. Nilisugua taratibu. Ukatoka unga mweupe, ukazidi, ukaanza kudondoka juu ya gazeti nililotandika. Chini ya unga ule kulikuwa na gamba la dawa ya wiki nzima, limekauka tabaka juu ya tabaka kama rangi kwenye mlango wa zamani. Dawa aliyokuwa akipaka ilikuwa inaishia juu ya dawa ya jana. Chunjua yenyewe ilikuwa haijaguswa.

Basi fanya hivi. Chukua kipande kimoja cha msasa, sugua juu ya chunjua tu kwa dakika moja au mbili, ukifuta unga. Acha pale ngozi inapoanza kuwa ya waridi au unapohisi kuuma kidogo. Vitone vyeusi vikianza kuonekana, umefika pazuri.

Usitoe damu. Virusi huingia kwenye ngozi kupitia michubuko midogo, na damu maana yake umefungua mlango kwa chunjua mpya pembeni. Ikitoka, pumzika siku mbili tatu hadi pakauke.

Kipande kilichotumika kitupe palepale. Usikirudie kesho na usimwazime mtu. Nawa mikono. Wembe usiuguse kabisa: unakata kina usichokiona, na mara nyingi mtu hurudi na chunjua sita mahali palipokuwa na moja.

## Hatua ya 5: Zungushia mafuta, kisha paka

Chovya kijiti kwenye mafuta ya mgando uzungushe duara kwenye ngozi nzima, isiyougua, inayozunguka chunjua. Asidi haijui mpaka wa chunjua na ngozi nzima. Mafuta ndiyo ukuta.

Kisha paka tone dogo la dawa juu ya chunjua. Kama brashi ya chupa ni pana kuliko chunjua, tumia ncha ya kijiti kingine. Acha likauke, paka la pili. Matone mawili yanatosha. Usipake eneo kubwa la mwili kwa mara moja, hasa kwa mtoto, maana dawa ikiingia nyingi kupitia ngozi inaweza kumdhuru.

Dawa nyingi za aina hii hushika moto upesi. Usizipake karibu na jiko la mkaa, mshumaa au dawa ya mbu inayowaka. Funga chupa mara moja, la sivyo itaganda baada ya wiki mbili.

Utasikia kuwashwa kidogo au kuchoma kidogo. Hiyo ni sawa. Ukisikia kuchoma kwa nguvu, osha kwa maji mengi.

Ikishakauka, funika na plasta usiku. Kwa unyayo hii ni lazima, maana dawa isiyofunikwa hubaki kwenye shuka.

## Hatua ya 6: Panga saa yako, hasa kama unaswali

Dawa hii ikikauka huwa utando, kama rangi ya kucha. Maji hayapiti. Mteja akigundua hivyo, anaiacha kimyakimya, halafu anakuja kuniambia haifanyi kazi.

Huna haja ya kuiacha. Loweka na usugue baada ya swala ya Isha, ukiwa huna udhu mwingine wa kuchukua usiku huo. Paka, funika, lala. Ukiamka kwa ajili ya Alfajiri, toa plasta, tia mkono au mguu kwenye maji ya vuguvugu dakika chache, bandua utando kwa kucha au kwa kitambaa. Mara nyingi hutoka kipande kizima. Chukua udhu wako juu ya ngozi tupu. Mchana kutwa ngozi inapumzika, na dawa imefanya kazi saa saba au nane.

Kama umepewa plasta ya asilimia 40 ya kukaa siku mbili mfululizo, muulize shehe wako kuhusu hukumu ya bandeji kabla hujaanza.

Hata asiyeswali nashauri afuate ratiba ya usiku. Mchana mikono inafua, inaosha vyombo, inakanda unga, na dawa haidumu.

Bi harusi mtarajiwa, ukiwa na chunjua mikononi, anza miezi minne kabla ya harusi. Na mahali panapotibiwa pasipakwe piko. Ngozi iliyochubuka na piko ni ugomvi wa malengelenge.

## Hatua ya 7: Rudia kila usiku hadi wiki ya 12

Tia alama kwenye kalenda kila usiku. Hakuna njia ya mkato hapa. Virusi viko ndani ya chembe za ngozi, haviingii kwenye damu, ndiyo maana kinga ya mwili huchelewa kuviona. Asidi inamomonyoa ngozi iliyoambukizwa tabaka kwa tabaka, na mchubuko wake mdogo ndio unaowaamsha askari wa mwili waje.

Mambo huenda hivi kwa wengi. Wiki mbili za mwanzo chunjua huwa nyeupe na mbaya zaidi kuitazama. Usiogope. Kuanzia wiki ya tatu au ya nne inakuwa bapa na vitone vyeusi vinajitokeza. Kati ya wiki ya sita na ya kumi inapungua upana, na hapo ndipo watu hufurahi wakaacha. Usiache. Endelea hadi mistari ya ngozi ipite moja kwa moja mahali ilipokuwa chunjua, kisha ongeza wiki moja.

Mistari ikirudi, umepona. Mahali pakiwa laini lakini mistari bado inazunguka, virusi bado vipo na chunjua itaota tena.

Ngozi ya pembeni ikiwa nyekundu, ikivimba au ikachubuka, simama siku tatu, paka mafuta ya mgando tu, halafu rudi kwa tone moja badala ya mawili. Usaha, joto au mstari mwekundu unaopanda mkono, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

## Vitu ambavyo nakuomba usipake

Maji ya betri hayahitaji maelezo, lakini bado watu huyapaka.

Mafuta ya maganda ya korosho ni hatari iliyo karibu zaidi nasi, maana mikorosho tunayo. Najua babu zetu waliyatumia, na kuna sababu: ndani yake kuna asidi ambayo kwa umbile ni jamaa ya ile ya dawa yetu. Lakini imechanganyika na kardoli, inayobabua ngozi hadi malengelenge, na hakuna anayeweza kupima kiasi chake kwenye ganda. Nimeona kidole kilichoanza na chunjua ya ukubwa wa punje ya mtama kikaishia kuvuliwa ngozi hadi kiungo cha pili.

Utomvu wa mnyaa, ule wa kwenye ua, unaunguza ngozi, na ukigusa jicho unaweza kulipofusha. Kitunguu saumu kilichofungwa usiku kucha nacho huunguza. Kufunga chunjua kwa uzi au unywele hadi ikatike huacha sehemu ya chini, nayo huota tena.

## Kuzuia zisihamie kwingine

Virusi hivi hupenda ngozi iliyolowa na kuchubuka. Wanaopara samaki, wachinjaji na wauza nyama hupata chunjua za mikono kuliko watu wengi, na kuna aina ya HPV, ya 7, inayoonekana zaidi kwao. Haitoki kwa samaki wala ng'ombe. Ni ya binadamu, lakini mikono iliyolowa mchana kutwa na kuchomwa na miiba huipokea kwa urahisi. Vaa glavu za mpira, na kila mtu awe na kisu na kitambaa chake.

Ndara za chooni na za kutawadhia zinazovaliwa na watu wote husambaza za nyayo. Nenda na zako. Usiazimane kikata kucha. Acha kung'ata kucha, maana ndiyo inayozungusha chunjua pembezoni mwa vidole vyote kumi na kuzipeleka mdomoni. Mwenye chunjua kidevuni asinyoe juu yake, na kinyozi aambiwe.

## Wiki 12 zikipita bila mabadiliko

Hapo nenda hospitali. Anzia ya wilaya, au ya rufaa ya mkoa, ambayo kwetu Tanga ni Bombo, uulizie huduma ya ngozi. Kesi ngumu hupelekwa hospitali ya KCMC, Moshi, penye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda.

Unaweza kugandishwa kwa naitrojeni ya maji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, kila baada ya wiki mbili au tatu. Inauma, na kwa ngozi nyeusi inaweza kuacha doa jeupe kwa miezi, pengine lisiondoke. Uliza kabla, hasa kama ni mkono unaoonekana. Njia nyingine ni kuchomwa kwa umeme baada ya ganzi. Zote mbili hazizuii chunjua kurudi, kwa hiyo usimlaumu daktari ikitokea.

Chanjo ya HPV ambayo wasichana wanapewa nchini tangu 2018 ni ya kuwakinga na saratani ya mlango wa kizazi. Wapelekeni. Ila msiitegemee kuondoa chunjua za vidoleni.

## Kuhusu watoto

Kwa watoto, takriban nusu ya chunjua huondoka zenyewe ndani ya mwaka, na thuluthi mbili ndani ya miaka miwili. Kama haimuumi, haisambai na hachekwi shuleni, kuiacha ni uamuzi mzuri. Akitibiwa, mtu mzima ndiye amsugue na ampake.

Yule mama wa Deep Sea alirudi wiki ya kumi na moja. Alinyosha gumba chini ya taa, tukahesabu mistari pamoja, yote imepita. Akataka chupa ya pili, ya mwanawe wa miaka mitano mwenye moja gotini. Nilimuuliza inamuuma? Akasema hapana, hata hajui kama ipo. Sikumuuzia.